Nyumba Isimame Afande Akiwa Mbali

Hotuba ya muuguzi mstaafu kwa wenza wa askari, kabla ya kikosi kuondoka kwenda kulinda amani

Mgeni rasmi, viongozi wa kikosi mlio meza kuu, itifaki imezingatiwa. Wakubwa wangu wachache mliomo humu, shikamooni. Wadogo zangu na wanangu, ambao ndio wengi, marahaba, hata wale ambao hamjaniamkia. Na ninyi akina baba mliojibanza mlango wa nyuma kama mnasubiri daladala, sogeeni mbele. Mkeo ni koplo, anaondoka, wewe ndiye unayebaki na watoto na LUKU. Hakuna nitakalosema leo lisilokuhusu. Nikiteleza nikasema "mke wa askari", jihesabuni humo humo.

Nimeletwa hapa niwape moyo. Kazi hiyo nawaachia kwaya, mashehe na wachungaji, wanaijua kuliko mimi. Mimi nimekuwa muuguzi mpaka nikastaafu, na mume wangu amestaafu akiwa ofisa mteule. Tumetoka Lugalo tukaenda Tabora pale Milambo, tukapelekwa Nachingwea, tukarudi Ngerengere. Katika kuhama huko na kuishi na wanawake wa kambini nimeona kwamba kinachomwangusha mke wa askari mara nyingi si upweke. Upweke unauma, lakini mtu huuzoea. Kinachomwangusha ni jambo dogo la ofisini ambalo lingemalizwa asubuhi moja mume akiwa bado nyumbani, likaahirishwa, na sasa mume yuko mahali ambapo simu inashika mpaka apande kilimani. Ndiyo maana leo mtanisikia nikizungumza habari za vyeti, benki na mafundi. Wenye kutaka mahaba wavumilie, nitafika huko.

Tuanze na ndoa yenyewe. Kijana huandikishwa jeshini akiwa hajaoa, hilo ni sharti. Baadaye akitaka kuoa anaomba kibali kwa wakuu wake. Sasa kati ya kuandikishwa na kupata kibali, maisha hayasimami. Amekutana na binti Morogoro, wamepanga chumba, amezaliwa mtoto wa kwanza, amekuja wa pili. Mtaani binti anaitwa mama Fulani. Mama mkwe anamtambua, mahari ilishapelekwa nusu. Lakini kwenye faili la kikosi yule kijana ni kapera, na pale panapoulizwa jina la ndugu wa karibu limeandikwa jina la kaka yake, kwa sababu siku anajaza ile fomu ninyi wawili hamkuwa hata mmeonana.

Najua mnachotaka kuniambia: mbona sheria inasema ukikaa na mwanamume miaka miwili umeshakuwa mke? Haisemi hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawachukulia kuwa mume na mke, basi itachukuliwa kwamba walioana, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Huyo mtu wa kuthibitisha vinginevyo hakosekani. Mara nyingi ni yule yule kaka wa kwenye fomu. Na mahali pa kubishana naye ni mahakamani, wewe ukiwa umevaa nguo za msiba, unatafuta majirani wa Morogoro waje kusema kwamba kweli mlikuwa mnaishi pamoja. Kama mumeo ana nia, aombe kibali, mfunge ndoa, mpate cheti. Waliooana kimila nao wanaweza kusajili ndoa yao. Akikwambia "tutafanya nikirudi", mwulize kwa upole kinachomzuia kufanya wiki hii.

Ukishapata cheti, kazi haijaisha. Nakala ifike kikosini, na jina la ndugu wa karibu libadilishwe. Halibadiliki lenyewe kwa sababu mmeoana. Watoto wawe na vyeti vya kuzaliwa vya RITA, wakala wa usajili wa serikali. Halafu keti na karatasi zote mezani uangalie majina herufi kwa herufi, maana kuna wanawake humu ni Mwajuma Hassan kwenye kitambulisho cha NIDA, Mwajuma Hassani kwenye cheti cha ndoa, na Mwajuma H. Juma kwenye cheti cha mtoto. Wewe unajijua kuwa ni mmoja. Karani wa mafao anaona wanawake watatu. Mumeo akiwepo, mnakwenda kwa wakili mnaapa, mnarekebisha. Akiwa hayupo, utazunguka mpaka soli iishe.

Sasa pesa. Kikosi kikikaribia kuondoka, mtaani kunakuwa na watu wanaojua mapato ya mumeo kuliko wewe. Utaambiwa kila askari analipwa na Umoja wa Mataifa dola elfu moja na mia nne na ushee kwa mwezi. Namba hiyo haikuokotwa jalalani. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa uliweka kiwango cha dola 1,428 kwa mwezi kwa kila askari. Lakini hicho ni kiwango cha kuifidia serikali iliyotoa jeshi, hakiingii mfukoni mwa askari. Posho ya askari hupangwa na serikali yake mwenyewe, na kila nchi ina utaratibu wake. Kwa hiyo mwanamke anayezidisha 1,428 mara miezi kumi na miwili, akaenda kuagiza mabati ya nyumba nzima kwa mali kauli, ameuanza mwaka na deni na ugomvi juu yake.

Usimwulize jirani. Mwulize mwenye mshahara. Kaeni chini akuonyeshe slipu, na mkiishika usiangalie juu tu penye mshahara, shuka chini penye makato. Huko ndiko zinakokaa siri. Askari ana mshahara wa uhakika, kwa hiyo wakopeshaji wanampenda kuliko anavyopendwa na shangazi zake, na wiki za kuelekea safari ndizo wanazompenda zaidi. Wapo waliokopa kwa kutegemea posho ambayo bado haijaanza kuingia, wakanunua gari, wakaondoka, wakamwachia mke gari lisilo na mafuta na mshahara uliobaki robo. Afadhali ulijue deni leo mgombane akiwa hapa, kuliko uligundue mwezi wa pili baada ya safari.

Kumwachia mke kadi ya benki na namba ya siri si mpango. Jirani yangu mmoja, kadi ilimezwa na mashine mume akiwa Darfur, kule Sudan. Alipokwenda benki wakamwambia ukweli ulio wazi, kwamba akaunti si yake na hawawezi kumpa kadi ya mtu mwingine. Aliishi kwa kukopa dukani mpaka mume alipopata ruhusa ya kuja. Fungua akaunti yako kwa jina lako. Mume aagize benki yake ihamishie kwako kiasi mlichokubaliana kila mwezi, iwe yeye ana mtandao au hana. Na kwa mambo yanayohitaji sahihi yake, kama kiwanja, kesi, gari au mkataba wa pango, nendeni kwa wakili awaandikie hati ya uwakilishi inayotaja mambo hayo moja moja. Hati ya kusema "mke wangu afanye lolote" inawatisha watu wa ofisini, na hata mume mwenyewe inamkosesha usingizi.

Mnakumbuka kuangalia laini za simu? Nyumba nyingi, ujumbe wa bili ya maji unaingia simu ya baba, wa shule unaingia simu ya baba, wa benki vivyo hivyo. Akiondoka na laini hiyo, nyumba imekuwa kiziwi. Hamisheni namba. Na laini anayoiacha msiitupe kabatini, maana laini isiyotumika muda mrefu mtandao huifunga na baadaye humpa mteja mwingine. Fikiria ujumbe wa akaunti yenu unavyokwenda kusomwa na mtu wa Sumbawanga.

Fungu la wazazi wake lizungumzwe kabla hajapanda ndege. Maoni yangu, na mnaweza kunikatalia, ni kwamba litoke kwake moja kwa moja kwenda kwa wazazi, wewe ukilijua. Likipitia mkononi mwako, mwezi likipungua utakuwa wewe ndiye umelila. Na kama mambo yakibana, kikoba cha wanawake wenzako ni kizuri mradi ukope kwa kile unachokiingiza wewe, si kwa posho ya mtu aliye mbali. Mikopo ya kausha damu siizungumzi. Mnaijua, na mnawajua waliochukuliwa friji na kochi watoto wakitazama.

Kota mnazokaa ni za kazi. Siku afande akistaafu funguo zinarudishwa, na siku akifariki vivyo hivyo, hata kama mmepanda mwembe uani ukazaa. Kwa hiyo kila familia ya askari inajenga, na kila mwenye kwenda misheni anaondoka na ramani ya nyumba kichwani. Tatizo ni nani anasimamia. Ipo hadithi ambayo kila kambi wanaisimulia kama yao, na kwa bahati mbaya mimi mwenye nyumba hiyo namfahamu. Mume alikuwa akimtumia mdogo wake pesa, mdogo anatuma picha: msingi, boma, lenta, paa. Nyumba nzuri. Mume aliporudi akapelekwa kuiona, na kiwanjani kwake kulikuwa na matofali mia mbili na mbuzi wa jirani. Ile ya kwenye picha ilikuwa ya mtu mwingine, mtaa wa pili.

Simamia wewe. Huhitaji kujua uhandisi. Mlipe fundi kwa hatua, akimaliza msingi msingi, akifika lenta lenta, na kila malipo asaini kwenye daftari. Saruji na nondo nunua mwenyewe, risiti weka. Mwisho wa wiki nenda kiwanjani bila kutoa taarifa. Kiwanja kabla ya kulipiwa, mauziano yaandikwe mbele ya serikali ya mtaa, na mtu aende ofisi ya ardhi kuuliza kama kweli ni cha anayeuza. Majina yaandikwe yote mawili. Wanaume mlioko mbele hapo najua mnatikisa vichwa, lakini Sheria hiyo hiyo ya Ndoa, kifungu cha 59, inasema mwenzi mmoja hawezi kuuza nyumba ya familia wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina ni lake peke yake. Jina la pili linawapunguzia kazi mawakili tu. Na kwa yule anayejiona hana haki kwa kuwa "mimi nakaa tu nyumbani": Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kukaa tu nyumbani na watoto watatu, mimi bado sijamwona mtu aliyekaa.

Nalo hili la nguo niliseme haraka. Mwaka 2023 jeshi lilitangaza kwamba raia wote wenye sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo wazisalimishe ndani ya siku saba. Wewe mke wa askari ni raia. Koti la kombati la mumeo haliendi sokoni asubuhi ya baridi, suruali yake iliyochanika haiendi kwa kijana wa shamba, na mtoto hashonewi ya kupigia picha ya Krismasi. Anayeulizwa baadaye si wewe peke yako, ni pamoja na mwenye namba ya jeshi.

Usiri wa safari ni hivyo hivyo. Tarehe ya kuondoka, uwanja wa ndege, idadi yao, jina la kambi wanakofikia, havikai kwenye status ya WhatsApp hata kama umeweka na maua. Mkiongea kwa simu usimwulize yuko wapi hasa, wala kesho wanaelekea wapi. Mwulize amekula nini. Utashangaa mazungumzo yanavyokuwa marefu. Na mtaani usitangaze kwamba kwako hakuna mwanamume mwaka mzima. Wezi nao wana masikio.

Nafika kwenye jambo ambalo mtaguna. Wosia. Nikilitaja hili kwa mabinti naambiwa, "Mama, unatuchuria." Sichurii mtu. Desemba mwaka 2017 pale Semuliki, upande wa Beni, mashariki mwa Kongo, walivamiwa wanajeshi wetu waliokuwa kwenye kikosi cha Umoja wa Mataifa, tukapoteza vijana zaidi ya kumi kwa shambulio moja. Mwaka 2013 tulipoteza saba Darfur. Sote tuliona majeneza yanashushwa. Wachache waliona kilichofuata kwenye nyumba zile, na mimi kwa kazi yangu nimekaa na wajane wa aina hiyo, sasa nawaambia tofauti iliyopo. Mjane ambaye mumewe aliandika wosia analia. Ambaye mumewe hakuandika analia huku akihesabu nani ameingia chumbani kwake kuchukua nini.

Wosia hauleti kifo, wala kutouandika hakukizuii. Aandike akiwa na akili timamu, mbele ya mashahidi ambao hawarithi kitu humo, aseme mali ipi na nani. RITA wanapokea wosia na kuutunza, mawakili pia. Waislamu wana mafungu yao yaliyopangwa, basi wakae na shehe wamwulize kinachoruhusiwa kuusiwa. Hata hapo kuandika orodha ya mali na madeni kunasaidia, maana ugomvi mwingi wa mirathi unaanza kwa kutojua kilichopo. Akaunti za benki, hisa za SACCOS, shamba la Kilosa alilonunua na rafiki yake bila karatasi, mtu aliyemkopesha milioni moja: viandikwe.

Na Mungu aepushie mbali, ikitokea, ukoo utakaa kikao umchague mtu wa kwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi. Shemeji atasema wewe pumzika, umefiwa, sisi tutashughulikia. Usipumzike. Nenda kwenye kikao, sikiliza, soma muhtasari kabla ya kusaini, na kama unaweza wewe mwenyewe uwe msimamizi, uwe. Msimamizi wa mirathi si mrithi wa vyote. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa warithi na kurudisha hesabu mahakamani. Wengi hawajui hilo, na wasimamizi wengine wanafurahi kwamba hawajui.

Habari yenyewe nayo ina njia yake ya kufika. Itakuja kwa maofisa, mlangoni, na watakuwa wamejiandaa. Haitakuja kwa sauti iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp. Januari mwaka 2025 mji wa Goma kule Kongo ulipotekwa na waasi wa M23, kuna mabinti walikaa macho usiku wakirushiana picha za miili na kukuza sura kwa vidole. Msifanye hivyo. Ukipokea jina la mtu usilipeleke mbele, kwa sababu mke wake anaweza kuwa bado anapika chakula cha watoto, hajui. Mfuate mkubwa wa kikosi aliyeachwa nyumbani, uliza, urudi ukae na wenzako. Msikae kila mtu na simu yake chumbani.

Nikisema wenzako sina maana ya wale wa cheo chenu tu. Kambini kuna ugonjwa wa wanawake kuvaa nyota za waume zao. Mke wa kapteni hasalimii mpaka asalimiwe, mke wa sajini anataka kiti cha mbele kwenye kikoba. Kiapo cha cheo hicho alikula mumeo, si wewe. Siku mtoto amepandwa na homa saa nane za usiku na gari hakuna, atakayekugongea mlango anaweza kuwa mke wa private aliyehamia juzi, na utamfungulia bila kumwuliza.

Kuhama kwa watoto na kazi nitapita haraka, wengi mna uzoefu. Mtoto wa shule ya msingi usimtoe shuleni bila namba yake ya usajili wa wanafunzi, ile ya PReM, na barua ya uhamisho, la sivyo utakuja kuhangaika akifika mtihani wa darasa la saba. Mtumishi wa umma anayetaka kumfuata mwenza aombe mapema kwenye mfumo wa e-Uhamisho, aambatishe cheti cha ndoa, mnaona kinavyorudi tena. Asiye na ajira atafute ujuzi unaobebeka: ushonaji, ususi, upishi wa keki, ufundi wenye cheti cha VETA. Duka la jumla ni zuri, lakini amri ya uhamisho ikija utaliuza kwa bei ya hasira.

Haya, mahaba niliyowaahidi.

Simu kwanza. Mtandao ukipatikana una dakika chache, na wanawake wengi tunazitumia kusoma orodha ya matatizo. Mwanamume yuko Beni, ameshika bunduki, unamwambia bomba limepasuka. Atafanya nini? Bomba tafuta fundi. Mwambie baadaye, likiwa limeshazibwa. Lakini usimfiche lililo kubwa. Mtoto akilazwa aambiwe, kwa utulivu, na aambiwe kinachofanyika. Akija kuligundua mwenyewe atajiuliza umemficha mangapi. Mkigombana, malizeni kabla ya kukata. Na watoto wadogo wasilazimishwe kuongea. Mtoto wa miaka mitatu akiona simu anakimbia, si kwamba hampendi baba yake.

Kurudi kwake ndiko kugumu kuliko kuondoka, na hakuna anayewaambia. Kuondoka mnaagwa kwa bendi. Kurudi, watu wanakula pilau siku moja, halafu mnabaki wawili. Umeendesha nyumba mwaka mzima. Unajua bei ya dagaa, umemwachisha mtoto ziwa, umemfukuza mpangaji. Yeye anaingia anataka kukaa kwenye kiti chake cha zamani kana kwamba jana ndiyo aliondoka. Anabadilisha saa ya watoto kulala. Anauliza kwa nini kabati limehamishwa. Mdogo anamlilia akimshika, anamwita "yule afande". Nimeona ndoa zilizovumilia mwaka wa umbali zikashindwa kuvumilia mwezi wa kwanza wa kuwa pamoja.

Usimkabidhi kila kitu siku ya kwanza, na usimnyime kila kitu pia. Mpe majukumu kidogo kidogo, kumpeleka mtoto shule, kusimamia fundi, mpaka nyumba imzoee na yeye aizoee. Mahesabu ya mwaka mwonyeshe, daftari na risiti, hata asipouliza. Na kabla ya kuanza tena maisha ya mume na mke nendeni wote wawili mkapime, VVU na mengine. Sisemi hivyo kwa sababu nawashuku wanaume au ninyi mliobaki. Nimefanya kazi kliniki, na najua mazungumzo haya ni rahisi yakipangwa kabla ya safari kama utaratibu wa nyumba, kuliko yakianzishwa usiku ule wa kwanza.

Kuna wengine hurudi mwili, akili ikachelewa. Anashtuka bati likigongwa. Hakai mgongo kwenye mlango. Halali, au analala anapiga kelele. Anakunywa kuliko zamani, anakaa gizani, hasira inatoka pasipo sababu. Ndugu watakwambia amerogwa huko Kongo, apelekwe kwa mtaalamu. Mimi nawaambia kama muuguzi: hali hiyo ina jina hospitalini na ina tiba. Aonwe hospitali ya jeshi, au kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa. Watu wakisikia afya ya akili wanakumbuka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na kicheko kinaanza. Wacheke. Mtu aliyetibiwa mapema anarudi kazini. Anayefichwa ndiye anayekuja kuharibikiwa mbele ya watu. Mkiwa na silaha yoyote nyumbani kihalali, wakati huo isikae nyumbani, zungumza na mkubwa wake.

Ila maumivu yake hayampi ruhusa ya kukupiga. Hilo mlisikie vizuri mbele ya wakuu wake hawa. Vita haikupigwa na wewe. Kama ameanza, ondoka na watoto usiku huo nenda kwa jirani, asubuhi nenda kwa uongozi wa kikosi, na kituo cha polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Wengine wanakaa kimya wakihofia atafukuzwa kazi, mshahara ukatike. Naielewa hofu hiyo, nimewafunga vidonda wanawake walioniambia hivyo hivyo. Nimewafunga na nikawaona tena baada ya miezi michache.

Saa inaniangalia. Pale meza ya kushoto kuna karani ana fomu za kubadilisha ndugu wa karibu, na wakili wa kujitolea atakuwepo mpaka saa kumi kwa ajili ya viapo vya majina na hati za uwakilishi. Waume zenu wako nje chini ya miembe wanajifanya wana mkutano wao. Nendeni mkawachukue, kila mtu na wake, mpange mstari. Baada ya hapo nitapokea maswali, na ya faraghani nitayapokea kule nyuma ya bwalo.